Kaporali Mgongoni

Mwezi uliopita nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo pale Kamembe, na mpaka leo motari aliyetubeba kwa pikipiki yake akiniona anacheka. Nilikuwa nimenunua lile sanduku la plastiki lenye kidirisha cha waya, ambalo muuzaji aliniapia kwamba mnyama husafiri ndani yake kwa raha. Raha gani, rafiki yangu? Paka alipiga kelele kutoka mlangoni kwetu hadi stendi ya mabasi, akajikojolea, akatafuna waya mpaka ufizi ukatoka damu. Daktari, binti mmoja mpole, alinishauri siku nyingine nifunike sanduku kwa nguo yenye harufu ya nyumbani. Nikamwambia hilo nalijua tangu nina miaka tisa. Kisha nikaona haya, maana nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nililijua kwa bibi yangu, kule mlimani Giheke. Tulimwita koko, kama walivyozoea watu waliowahi kukimbilia Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kisha wakarudi. Mama alikuwa akichuuza nguo ng'ambo ya mpaka, anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, na siku za katikati nilikuwa wa bibi. Asubuhi niliamshwa na ufagio wake uani. Nilichota maji, nikachambua maharage juu ya ungo, nikachochea moto chini ya chungu cha sombe, majani ya muhogo, na jioni tulikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kwa ugali wa muhogo. Vichwa vya wale sambaza havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Kaporali.

Kaporali alikuwa dume la kijivu lenye mashavu mapana na sikio moja lililochanika. Bibi alimpa jina hilo kwa sababu kila jioni alizunguka nyumba nzima akikagua kama askari mwenye cheo, kisha akalala juu ya magunia ya maharage ya mbegu. Panya wa mlima ule hawakuwa na adabu, na katika nyumba za jirani walikula mbegu mpaka watu wakaenda kuomba za kupanda. Kwetu hawakuthubutu. Nami nilimpenda kwa sababu nyingine: kila Jumatatu mama alipoondoka, aliyaacha magunia na kuja kulala miguuni pangu.

Msimu mmoja wa mvua alipigana na mbwa. Baada ya siku tatu shavu lake lilivimba likafunga jicho, akaacha kula, hata vichwa vya sambaza akavigeuzia mgongo. Wakati ule hatukuwa na daktari wa paka. Kulikuwa na veterineri mmoja wa ng'ombe na mbuzi, aliyekaa Kamembe karibu na soko. Jirani yetu seremala alimwambia bibi amwache mnyama afe, atamletea mwingine. Bibi alimshukuru kwa heshima zote. Seremala alipoondoka, aliniambia kwamba aliyekulindia chakula miaka minne humbadilishi kama bidoni ya maji iliyotoboka, na kwamba tutampeleka kwa veterineri.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilijiona mjanja, nikachukua gunia tulilobebea kuku, nikamdaka Kaporali kutoka nyuma, nikamtumbukiza na kufunga kamba. Unaweza kukisia yaliyofuata. Hatukuwa tumefika hata barabarani alipolipasua lile gunia kuukuu kwa makucha, akatoka na kupotelea migombani. Siku mbili hatukumwona. Nilimwita kila mahali, nikalia mpaka sauti ikakauka, maana nilijua akifa ni mimi niliyemuua. Bibi hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko fimbo.

Siku ya tatu alirudi mwenyewe, akijikokota, shavu likinuka. Bibi alitoa kitenge chake cha zamani, kile alichobebea watoto wake, akakitandika karibu na mafiga na kumwacha Kaporali alale juu yake tangu mchana hadi asubuhi. Hakumgusa wala hakumtazama sana. Alisema paka mgonjwa anachoka na macho ya watu. Kulipokucha alimfunga taratibu ndani ya kitenge hichohicho, kichwa kikafunikwa, akaacha upenyo mdogo wa kupitisha hewa. Kisha akaniambia niiname.

Naam, mgongoni. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeshakataa mizigo, na mimi nilikuwa nimeshabeba watoto wa nusu ya kijiji. Alikaza fundo kifuani pangu, akanipa masharti yake kwa sauti ya chini.

"Usikimbie, usisimame. Ukiogopa, ataisikia mu mugongo yako."

Tukaanza safari, bibi nyuma yangu, akiimba kwa pua kitu kisicho na maneno, nami nikakifuata. Nilisikia moyo wa Kaporali ukipiga mbio kwenye uti wa mgongo wangu, halafu polepole ukatulia. Shida ilikuwa watu. Wewe unajua kwetu: mtu hawezi kupishana na mtoto mgongoni akanyamaza. Kila mwanamke aliyepanda mlima na kikapu alitaka kujua mtoto ana miezi mingapi na kama ameota meno. Bibi alijibu kwamba amelala, na hakuwa amesema uongo. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma.

Karibu na soko la Kamembe tulikutana na mwanamke muuza vitenge aliyekuwa jirani wa bibi miaka ya Bukavu. Huyo hakuuliza, alikasirika. Kwake, kuzaa bila kumpasha habari ilikuwa dharau kubwa, na alianza kumlalamikia bibi hapohapo barabarani kwamba mama amejifungua na yeye hata sabuni hakuambiwa apeleke. Kabla bibi hajafungua mdomo, alinifuata kwa nyuma na kufunua kitenge ili ambariki mtoto.

Kaporali aliona jua, honi za pikipiki zikamwingia masikioni, na makucha yake yote yakanizama mabegani. Maumivu yale nayakumbuka vizuri. Mwili wangu wote ulitaka kupiga yowe na kulegeza fundo. Lakini nililiona lile soko mbele yetu, na nikajua akiruka hapo hatutamwona tena akiwa hai. Nikauma mdomo. Nikaendelea kutembea, nikaendelea kuimba kwa pua, machozi yakinitiririka.

"Maman, huyu mutoto eko na ndevu," alisema yule mwanamke, amepigwa na butwaa.

"Mufunike," bibi akamjibu. "Eko mugonjwa."

Naye akamfunika. Nadhani mkono wake ulifanya hivyo kwa mazoea tu, kisha mkono huohuo ukaanza kumpigapiga polepole, kama mtoto. Aliacha vitenge vyake kwa jirani wa meza na kutusindikiza mpaka mlangoni kwa veterineri, akiimba pamoja nasi. Kucha moja baada ya nyingine zikatoka mwilini mwangu.

Veterineri alicheka, na nani asingecheka? Lakini alikuwa mtu wa maana. Hakudai paka awekwe mezani. Alinikalisha kwenye kigoda, akafunua upande wa shavu peke yake, akapasua jipu, akaliosha na kumchoma sindano, kichwa cha Kaporali kikiwa bado gizani. Mnyama alinguruma mara moja tu. Aliyelia kwa sauti ni mimi, tena kwa furaha. Kaporali aliishi miaka mingine sita na kuwatesa panya.

Wakati wa kurudi nilimwuliza bibi alijifunza wapi kumtuliza kiumbe anayeogopa namna ile. Tulikuwa mahali ambapo ziwa linaonekana, na Bukavu ng'ambo yake.

"Ku mama yako," alisema. "Siku tulivuka mayi, batu balisema mutoto akilia, bote tutakufa. Nilimubeba hivi hivi. Hakulia."

Na mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye paka mgongoni, sikujua la kuuliza. Sasa ninayo maswali mengi. Nani walikuwa pamoja naye, walitembea siku ngapi, yeye mwenyewe alitulizwa na nani? Bibi tulishamzika, yule muuza vitenge pia, na njia tuliyopita imetiwa lami. Katika wale waliovuka siku ile, ninayemfahamu na bado yu hai ni mama. Nilimwuliza baada ya mazishi ya bibi, tukiwa tunaosha vyombo. Alifikiri sana, maskini, akitamani kunisaidia. Kisha akatikisa kichwa, akaniambia hakumbuki chochote, huenda alikuwa amelala.