Kiberiti na Mashine Iliyokufa Saa Nne

Dada huyu fundi kompyuta alipewa jina la Kiberiti kwa sababu anawaka haraka. Darasani hakukaa sana. Ufundi aliuokota kwa kukaa nyuma ya migongo ya watu akichungulia. Lakini cha ajabu, hasira zake zote ni kwa binadamu tu. Mbele ya mashine anapoa kama maji ya mtungi.

Siku hiyo aliingia duka la uchapaji la baba yake mdogo, akakuta fundi mwingine, yule wanayemwita Futa Yote, keshakaa kwenye kiti.

"Hii tunafuta yote, tunaweka upya," Futa Yote alikuwa anasema.

Baba mdogo alikuwa ameshika kichwa. Vyeti themanini vya chuo cha ushonaji vilitakiwa saa nane mchana, na sasa ilikuwa saa nne. Programu ya kuchapia ikifunguliwa tu, inasema "kuna hitilafu," halafu inajizima. Na michoro yake ya miaka kumi na miwili imo humo.

"Nakala ziko wapi?" Kiberiti akauliza.

"Humo humo, mwanangu."

"Baba mdogo, hiyo si nakala. Hiyo ni kuficha ufunguo wa pili ndani ya nyumba uliyoifunga." Akamgeukia Futa Yote. "Na wewe, mtu akikohoa unamzika? Toka kwenye kiti."

Akakaa. Hakugusa kitu kingine. Aliwasha kidude chake, programu ndogo ya kusikiliza kinachosemwa ndani ya kompyuta. Kwake yeye, programu ni mgeni asiyeruhusiwa kuingia jikoni: akitaka chumvi, akitaka maji, lazima amwombe mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye mfumo wa kompyuta. Kidude kinaandika kila ombi na jibu lake. Kazi ya Kiberiti ni kutega sikio mlangoni.

Programu ikafunguliwa, ikafa. Mistari elfu tatu ikajaa kwenye kioo.

Futa Yote akacheka. "Ona, 'hakuna', 'hakuna', 'hakuna'. Zimejaa. Si nilisema imeoza?"

"Kaka, ukitafuta soksi, si unaanzia chini ya kitanda, ukikosa unaenda kabatini? Hizo 'hakuna' ni za mtu anayetafuta. Mimi namtaka aliyekosa kabisa."

Ndiyo maana yeye husoma kuanzia mkiani. Akapanda mstari mmoja mmoja kutoka pale programu ilipokata roho. Juu kidogo tu akaona: inaomba faili la maumbo ya herufi. Hakuna. Inaomba tena mahali pengine. Hakuna. Mara ya tatu, hakuna, halafu kimya.

"Nani kahamisha folda la herufi?"

Baba mdogo akaapa si yeye. Mlangoni, shangazi, anayepokea wateja na kusafisha kila kinachokaa tuli, akaacha kufuta meza.

"Lile lenye majina yasiyosomeka? Miaka yote sijaona mtu akilifungua. Jana jioni nililiweka kwenye vya kutupa."

"Shangazi," Kiberiti akasema, na njiti ikaanza kuwaka, "umelitupa?"

"Nimetupa lini? Mimi kitu nakiweka pembeni mwezi mzima kwanza. Hata viatu vya baba yako, kaka yangu wa damu, nilivifanya hivyo hivyo. Usinikazie macho, mtoto wewe."

Njiti ikazimika yenyewe. Folda lilikuwa pale pale, kwenye lingine lililoandikwa VYA KUTUPA, zima kabisa. Likarudishwa. Programu ikafunguka, printa ikakohoa, cheti cha kwanza kikatoka kina joto.

Saa saba na nusu vyeti vyote themanini vilikuwa vimefungwa kwa kamba. Futa Yote alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti, anachungulia.

"Hicho kidude," akauliza taratibu, "kinaitwaje?"

"Vuta kiti," Kiberiti akamwambia. "Ila ukisema 'futa' hata mara moja, unatoka."

Baba mdogo hakusikia. Alikuwa ameinama chini ya meza ya shangazi, anapekua mfuko wake wa vya kutupa, na mkononi tayari ameshika shati lake mwenyewe la buluu, alilolitafuta wiki mbili nzima.