Tangi la Tatu la Vifaranga vya Chewa

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya kwanza ya Siu-luan kila asubuhi imekuwa kuopoa mizoga kwenye matangi ya vifaranga vya chewa, pwani ya Pingtung, kusini mwa Taiwan. Pua yake haijaizoea. Mizoga ya jana huteleza kama makamasi, nayo ikipasuka huacha ute kwenye kucha ambao sabuni haiutoi.

Juma hilo vifaranga wa tangi la tatu walianza kujipinda, tumbo juu, wakizunguka kama pia. Binti wa maabara alimwonyesha kipande cha ubongo kwenye darubini: matundu matupu, kama sifongo iliyooza.

"Virusi vimeula?"

"Haviuli, shangazi. Vinaingia ndani ya seli na kuzaliana humo, kisha seli inapewa amri ijiue. Ikipasuka, vinatoka kwa maelfu kutafuta seli nyingine."

Siu-luan alitema mate. Kitu kisicho na mdomo wala tumbo, kinamfanya mwenzake ajimalize!

Shemeji yake, Bing-huat, alishawaita waumini wa hekalu, wale wanaonunua samaki hai na kuwaachia baharini ili wapate thawabu.

"Bado wako hai, shemeji. Wakifia baharini, si juu yetu."

"Na chewa walioko huko?"

"Kwani umewazaa wewe?"

Waumini walifika na udi na ndoo. Kiongozi wao, Bibi Guat-kiau, aliinama juu ya tangi, akapiga makofi. "Tazameni wanavyocheza! Wamejua leo wanaachiwa!"

"Hawachezi, bibi. Wanaumwa, ubongo umetoboka. Mkiwamwaga baharini mtawaua na wengine."

"Msimsikilize," Bing-huat alicheka. "Huyu leo hajanywa chai."

"Kama wanaumwa, ndio wanaostahili huruma zaidi," alisema Bibi Guat-kiau. "Leteni ndoo."

Siu-luan aliingia stoo. Alitoka na kopo la klorini ya kusafishia matangi, akalimimina lote tangini. Vifaranga walishtuka mara moja, wakatulia.

"Muuaji! Mbele ya watu wanaosali!"

"Ndiyo, bibi. Rudi nyuma, itakurukia kwenye sketi."

Alipogeuka, Bing-huat alikuwa anawaongoza waumini kwenye tangi la nne, ambalo maji yake hutoka bomba moja na ya tangi la tatu. Siu-luan akachukua kopo la pili, akawafuata.