Vidole na Sauti ya Mama

Nyumba nyingine hugombania rimoti. Nyumba ya Vidole iligombania soketi za umeme, na nani hasa mwenye haki ya kuitwa mwanamuziki.

Vidole ni jina alilopewa shuleni, kwa sababu hakuna dawati lililopona mikononi mwake. Mwalimu akigeukia ubao, yeye keshaanza kupiga. Walimfukuza darasani mara nyingi, na huko nje akaendelea kupiga ukuta. Alipokuwa mtu mzima alinunua mashine ya midundo iliyokwisha kutumika, boksi la chuma lenye vibonyezo kumi na sita vya mpira na kioo kisichozidi kiganja. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: ngoma, besi, mahali pa kurekodia, hata betri. Unaliwasha, unapiga. Kwa boksi hilo alitengeneza midundo ya matangazo ya redio, ya kwaya, na ya vijana wenye ndoto kubwa na sauti ndogo.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Waya, alikuwa mtu wa kompyuta. Mezani kwake palikuwa na skrini mbili, programu zenye milio ya vyombo vya dunia nzima, na kinanda kidogo cha kuchomeka. Kinanda chenyewe hakikuwa na sauti hata moja. Kazi yake ilikuwa kuiamrisha kompyuta, nayo ndiyo ilitoa mlio. Vidole alikiita Bubu. Alisema kikichomolewa waya kinafaa kukatia vitunguu. Bwana Waya naye akilikuta boksi la mkewe linawaka taa kama jiko, aliuliza kama mboga imeiva. Kwenye kompyuta, alisema, unauona wimbo mzima umelala mbele yako, unaurekebisha utakavyo, na nafasi haiishi. Vidole alimjibu kwamba muziki haukuumbwa wa kutazamwa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa walivutana tangu siku za uchumba, wakicheka, huku wateja wamekaa barazani wakisubiri.

Kicheko kilipungua siku Mama alipotoka kwa daktari.

Mama yake Vidole alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, mapazia na magauni ya wanawake wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa, na muda wote wa kushona aliimba. Nyimbo alizitunga mwenyewe, palepale, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Sasa daktari alikuwa amemkuta na uvimbe kooni, na wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji. Uvimbe wenyewe haukuwa mbaya, ungetoka. Sauti ndiyo iliyokuwa na shaka. Ingeweza kurudi kama ilivyokuwa, au ikarudi nyingine, au isirudi ila kama mnong'ono. Vidole alilisikia hilo mlangoni kwa daktari. Aliilalia na kuiamkia sauti ile tangu akibebwa mgongoni. Akataka kitu kimoja tu: airekodi kabla ya kisu kufika.

Bwana Waya alisema safari hii hakuna ubishi, Mama atarekodiwa kwa kompyuta, kwa ubora wote. Alifagia studio mwenyewe, akaning'iniza mablanketi ukutani, akapanga maikrofoni yake nzuri. Mama akaja amevaa vizuri. Wakamkalisha kwenye kiti, wakamvika vifaa vya masikioni, na skrini mbili zikamtazama. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akakohoa. Akasema mguu wake hauna cha kukanyaga.

Vidole akaona mama yake anaanza kuona haya. Kwa kutaka kumpa moyo, akasema neno ambalo mafundi wa muziki hulisema kutwa mara mia bila kulifikiri. Kurekodi mlio na kuugawa vipande, kila kipande na kibonyezo chake, wao huita kukata.

"Usijali, Mama. Imba hata kidogo kidogo. Sauti yako nitaikata tu."

Mama akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani polepole.

"Daktari anikate koo," akasema, "na mwanangu wa kumzaa anikate sauti?"

Akachukua mkoba wake akaondoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Vidole, mwenye jina la vidole, siku hiyo alijikwaa pabaya. Alikaa jikoni akilia. Bwana Waya alimletea chai, akaisahau sukari, akarudi na sukari bila kijiko. Mwishowe akasema jambo la maana, jambo ambalo mtu wa kompyuta halisemi kirahisi: kama Mama haji kwenye mashine, mashine imfuate Mama, na yake haina miguu.

Asubuhi Vidole akatia boksi kwenye kikapu cha sokoni, akachukua na maikrofoni, akaenda.

Chumba cha kushonea cha Mama kilikuwa na dirisha moja, cherehani chini yake, na vipande vya vitambaa kila mahali hadi kwenye kalenda. Mama alikuwa amesimama mezani na mkasi, anakata gauni. Aliitikia salamu bila kuinua uso. Vidole hakujitetea. Alikaa kwenye kigoda akatazama mkasi ukizunguka alama ya chaki, kisha akamuuliza mama yake, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua, mbona anakiharibu kitambaa kizuri namna hiyo.

"Nakiharibu?" Mama akasema. "Nisipokikata utavaa nini, shuka?"

Mama akaendelea kukata, halafu mkasi ukapungua mwendo, halafu ukasimama. Akamtazama binti yake, akatazama kikapu, akaguna.

"Haya," akasema. "Nionyeshe huo mkasi wako."

Vidole akaweka boksi juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya gauni. Alimwomba Mama akanyage cherehani kidogo, akairekodi milio yake: sindano ikipiga mbio, gurudumu likisimama, mguu ukirudi. Akaikata, akampa Mama kibonyezo. Mama akakigusa kwa ncha ya kidole kama anapima pasi. Cherehani ikalia ndani ya boksi, na yenyewe pale dirishani imetulia. Akagusa kingine, na kingine, akapata mdundo, akaupoteza, akaupata tena. Akaangua kicheko hadi akashika ukingo wa meza.

Halafu akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio, akaimba. Aliimba wimbo alioupenda kuliko zote, ule unaosema uzi wangu usikatike, pindo halijaisha. Sauti ilikuwa nyembamba, ya juu, na sindano ilikimbia chini yake. Katikati ya wimbo kioo kikaandika kwamba nafasi inakaribia kuisha. Vidole akafuta midundo ya mwaka mzima, ile aliyojivunia mbele ya mumewe, akaifuta yote bila kusikiliza hata mmoja, na Mama akaimba mpaka mwisho. Vidole alikuwa na furaha iliyomwuma kifuani.

Mama alipoona boksi limemeza wimbo, akauliza kama linameza na maneno. Daktari alishamwambia kwamba akitoka kukatwa atakaa kimya kwa muda mrefu, na yeye hajawahi kukaa kimya hata kanisani. Basi wakaketi wawili wakachagua maneno yake ya kila siku, akayasema mwenyewe, kila neno kibonyezo chake. Alichagua asante mwanangu, na maji, na sitaki. Alichagua pia toka hapo, akasema hilo litahitajika.

Upasuaji ukaenda salama. Bwana Waya, ambaye wivu ulikuwa umemkaa, alifika wodini na kompyuta yake, kisanduku cha sauti, Bubu na waya tatu ili naye amsikilizishe mkwe wake muziki. Muuguzi akamuuliza kama amekuja kufunga mtambo. Soketi ilikuwa upande wa pili wa chumba. Alipokuwa ameinama chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine akitafuta pa kuchomeka, sauti ya Mama ikasikika juu yake, kali na safi: toka hapo. Akagonga kichwa. Mama alikuwa amekaa kitandani, shingo imefungwa bendeji, boksi mapajani, na mabega yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Kuanzia siku hiyo wodi ikawa yake. Muuguzi alimletea dawa, akajibiwa asante mwanangu. Daktari alimuuliza kama angependa kukaa siku mbili zaidi, akajibiwa sitaki, mara tatu, kwa mdundo. Vidole alikaa pembeni akicheka, lakini kila kibonyezo kilipolia alisikia sauti ya zamani, na hakujua ipi inakuja.

Siku ya kuruhusiwa kusema, walikutana chumba cha kushonea. Bwana Waya alikuja na kila alichonacho, na safari hii soketi ilikuwa karibu. Mama akakaa kwenye cherehani. Akafungua kinywa, akasema ameshiba ukimya.

Sauti ilikuwa nzito. Ilitoka chini sana, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu mwingine kabisa. Vidole aliuma mdomo. Mama mwenyewe alishtuka, akagusa shingo, akakaa akiusikiliza ule mwangwi wake. Kisha akanyoosha mkono kwenye boksi, akabonyeza wimbo. Sauti ya zamani ikapanda juu, nyembamba, pamoja na sindano yake. Mama akaisikiliza mstari mmoja. Mstari wa pili akaingia chini yake kwa sauti mpya, taratibu, akiitafuta njia, akaipata. Zikaenda pamoja, ya juu na ya chini, uzi wangu usikatike, na mguu wake ukaanza kukanyaga. Vidole alikuwa hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo, na alilia bila kujificha.

Wimbo ulipokwisha alimgeukia mumewe, akamuuliza kama kompyuta imechukua yote. Bwana Waya alikuwa amesimama na machozi mpaka kidevuni. Akatazama skrini. Alikuwa amesahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Vidole alifungua kinywa kumsema, lakini Mama alimuwahi.

"Mwache," akasema kwa sauti yake nzito, akivuta kitambaa kingine chini ya sindano. "Kesho nitaimba tena."