Mama Mkwe na Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Mama mkwe wangu hakuwa na ugomvi na gari letu. Alilipenda, alilisifu hadi kanisani, na kila alipokuja Mbinga kutusaidia kuchuma kahawa alilifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Ugomvi wake ulikuwa na mikanda ya kiti cha nyuma.

Gari lenyewe lilikuwa mtumba. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda milimani kwetu kushindana na ushirika, na msimu mmoja mzuri ulimtia mume wangu wazimu wa kumiliki magurudumu manne. Alikwenda Songea akarudi na gari dogo kuukuu ambalo lilikwisha kuchosha watu wengine kabla yetu. Mikanda ya mbele ilikuwepo, kwa kuwa askari wa barabarani waliitazama. Ya nyuma haikuonekana, na hakuna askari aliyeiulizia. Hata mimi nisingejua kama ipo, lakini Jumamosi moja niliinua kile kiti ili nisafishe vizuri. Chini yake nikakuta punje za mahindi, karatasi za pipi, na mikanda mitatu ya kiunoni iliyosukumiwa humo na mtu aliyeona inamkera. Niliisugua kwa sabuni ya mche, vifungo nikavitia mafuta ya cherehani, nikavibonyeza na kuvibonyeza mpaka vikaanza kulia ta!

"Ya nini hiyo?" mume wangu aliuliza. "Sheria inaangalia mbele tu."

"Sheria haikuzaa," nikamjibu.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi, na mpaka leo sijaona aliyeivunja. Mwanamke wa huku hambebi mtoto mgongoni bila mbeleko, hata akiwa anakwenda kisimani tu. Na miguu yangu ina mwendo gani? Iweje basi kwenye kitu kinachopita baiskeli na mbwa, mtoto aachwe abingirike kama kiazi ndani ya beseni? Nikawafundisha watoto wangu wawili. Msichana wa miaka minane alijifunga na kujifungua mwenyewe siku ileile. Mdogo wake wa miaka minne nilimkalisha juu ya kitenge kilichokunjwa, mkanda nikaushusha hadi kwenye nyonga usimkabe tumbo. Kujifungua hakuweza. Kidole chake hakikuwa na nguvu.

Mama mkwe aliliona hilo mara moja.

"Mbeleko inamfunga mtoto kwa mtu," alisema. "Hii yako inamfunga kwa kitu. Anayefungwa kwenye kitu ni mbuzi. Gari likiingia ziwani, nani atamfungua?"

Yeye alikuwa Mnyasa wa kando ya ziwa na mimi Mmatengo wa milimani, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, na watoto hawakukosa hata neno moja. Swali lake liliniuma. Nilimwambia tu kwamba gari haliendi kuogelea.

Kahawa ilipokwisha, tukamrudisha kwao Kihagara, kule ziwani. Mzee hukaa mbele, hilo halina mjadala. Mimi nilikuwa nyuma namfunga binti yangu, na nilipogeuka kumshika mdogo, sikumwona. Alikuwa amekwisha kupakatwa na bibi yake kwenye kiti cha mbele. Na kwa vile barabarani mbele yetu kulikuwa na askari, bibi akauvuta mkanda wake, akaupitisha juu yao wote wawili, ta!

"Haya," alisema kwa ushindi. "Umetaka afungwe, amefungwa. Na amefungwa kwa bibi yake."

Mume wangu alicheka akawasha gari. Hata mimi nilitabasamu, maana alikuwa amenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Askari alituangalia, akatupungia mkono tupite. Lakini tabasamu lile halikufika mbali. Nilikuwa nimemkumbuka jirani yetu mmoja, aliyewahi kumhamishia mtoto kifuani ili amnyonyeshe huku anateremka shambani, akamkaza hapohapo kwa kanga. Aliteleza. Alianguka kifudifudi, na mtoto ndiye aliyepokea uzito wa mama yake. Alipona, lakini mkono wake ulivunjika, na sauti ya yule mama sijaisahau.

Pale mji ulipokuwa unaishia na mteremko unakaribia, nikasema, "Simamisha gari."

Mume wangu akasimamisha. Nikamwambia mama mkwe, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, na haikuwa nyingi:

"Mama, naomba unisamehe. Mtoto akiwa mgongoni, mama akianguka ni mama anayetangulia chini. Hapo ulipomweka anayetangulia ni yeye, na wewe unakuja juu yake. Mkanda utawabana pamoja. Naomba arudi nyuma."

"Mimi niliyelea saba," alisema taratibu, "unaniambia nitamuua mjukuu wangu?"

"Nasema arudi nyuma, mama."

Mume wangu alikuwa anautazama usukani kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Mama mkwe alifungua mkanda, akamweka mtoto kitini, akashuka na kikapu chake, akasimama ukingoni mwa barabara. "Nendeni," alisema. "Mimi nitapanda lori."

Nami nikashuka. Nilijua habari ya mkamwana aliyemshusha mama mkwe njiani itafika Kihagara kabla yetu, na ningeisikia misibani na harusini mpaka nizeeke. Lakini kila nilipotaka kulegea, nilimwona mwanangu amelaliwa na mtu mzima. Bora nisemwe. Tukasimama pale wawili, kila mmoja akitazama upande wake, na hakuna aliyeomba radhi.

Aliyeanza ni yeye.

"Hicho kifungo kinafunguliwaje?"

Nikamwonyesha. Akamtoa mdogo kiti cha mbele, akaingia naye nyuma, akakaa katikati ya wajukuu zake, akamwacha mdogo nimfunge, kisha akakibonyeza kile kifungo kikafunguka. Nikamfunga tena. Akakibonyeza tena. Aliporidhika, akanitazama.

"Nitakaa naye hapa. Likitokea lolote, namfungua mimi."

"Na wewe ujifunge, mama."

"Mfunguaji hafungwi," alisema, akaukalia mkanda wake.

Nilikwenda kukaa mbele, nikajifunga. Ya Mungu mengi, na ya mama mkwe yamezidi.

Tulikuwa tumeshuka sana, ziwa limekwisha kuonekana, lori lilipotokea kwenye kona likiwa katikati ya barabara. Mume wangu akakanyaga breki zote za maisha yake, akakata usukani upande wa mlima. Tukaingia mtaroni, pua ya gari ikagonga udongo. Kisha vumbi, na kimya. Shingo yangu ilikataa kugeuka. Nilitaka kuwaona watoto wangu na nilikuwa naogopa kuwaona.

Ndipo nikasikia, ta!

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amemwinua mwanangu kwa mikono miwili, anamgeuzageuza, anampapasa kichwa, mbavu, miguu. Mtoto alikuwa analia kwa hasira kwa sababu yai lake la kuchemsha limeanguka. Dada yake alikuwa anajifungua mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na mchubuko isipokuwa bibi yao, ambaye paji la uso lilikuwa limegonga kiti cha mbele na linavimba tukilitazama. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia kila niliyemfikia, hata mume wangu. Methali ya asiyesikia la mkuu ilinijia mdomoni nikaimeza, maana mkuu pale alikuwa yeye.

Watu wa lori walituvuta kwa kamba. Taa moja ilivunjika, lakini gari likawaka. Kabla hatujaondoka nikageuka kumtazama mama mkwe. Aliuvuta mkanda aliokuwa ameukalia, akajifunga.

Kihagara wifi zangu walitupokea kwa vigelegele vilivyokatika walipouona uvimbe. Wakamtazama mama yao, kisha wakanitazama mimi.

"Mama, nani amekufanya hivyo?"

Yeye alikuwa amekwisha kukaa mkekani, mjukuu amemlalia mapajani. Nilisubiri hukumu yangu nikiwa nimesimama na kikapu chake mkononi.

"Wote walifungwa, mimi nikakataa," alisema. "Na huyu nilikuwa nimempakata. Mwenzenu akanishusha barabarani mpaka nikamwachia. Kama asingenishusha, sasa hivi mngekuwa mnalia."

Wifi mmoja akanipokea kikapu. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikalia mpaka nikashiba.