Mzani wa Mwezini

Harufu ya pamba iliyolala ghalani ni harufu ya vumbi, ya mafuta ya mbegu, ya mkojo wa panya na ya magunia ya katani. Na msimu ule, katika kijiji chetu cha upande wa Mwamapalala, ilinifikia kupitia tundu la kufuli. Ghala la chama cha msingi cha ushirika halikufunguliwa. Miaka yote tuliyoijua, chama ndicho kilichonunua pamba yetu. Sasa redio ilikuwa imetangaza soko huria, na wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, makarani wao na mizani yao. Mzani wa chama ulikuwa wa rula, wenye kipande cha chuma kinachosogezwa juu ya mkono wake mpaka utulie, kila mtu akiutazama. Wa wanunuzi ulikuwa wa saa, wenye mshale usoni na springi tumboni, na aliyeusoma ni karani peke yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wazee walisema malori yalipoingia. Pamba ilipokaribia kwisha mashambani, sikuisikia tena methali hiyo.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Masanja, aliyetufundisha Kiswahili, alitutaka tuandike insha kuhusu maisha ya wakati ujao, na moja ingesomwa siku ya wazazi. Niliitamani nafasi hiyo kwa sababu moja tu: mama angekuwepo. Mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na magunia, nami nilikuwa nimemwandikia mwisho wa hadithi. Katika somo la sayansi tulikuwa tumefundishwa kwamba mwezini vitu vyote ni vyepesi. Basi nilikihamishia huko kijiji kizima, pamoja na ng'ombe, mnada, balozi wa nyumba kumi na ghala la chama.

"Mwezini hakuna balozi," Mwalimu Masanja alisema, kalamu nyekundu ikipita juu ya sentensi zangu. "Wala ghala. Hata hapa duniani limefungwa! Weka maghorofa ya vioo. Weka roboti. Mtu mmoja aitwe Robert."

"Robert ni wa ukoo gani, Mwalimu?"

Darasa lilicheka, mimi nilikuwa nauliza kwa dhati. Mpaka leo hunikera imani hiyo kwamba wakati ujao una nchi yake, na nchi hiyo si yetu. Aandikaye kuhusu nyota huenda huko na mizigo ya kwao. Mtoto wa taifa la foleni ataiona foleni hata kwenye kituo cha anga. Mtoto wa taifa lililozoea kutawala wengine hawezi kuona sayari bila kuipelekea gavana. Insha za darasa letu zilithibitisha jambo hilo kuliko nadharia yoyote niliyoisoma baadaye. Nusu ya miezi yetu ilikuwa na mwenyekiti, shamba la pamoja na zahanati iliyoahidiwa. Nusu nyingine ilikuwa maduka tu, kila mtu anauza na haijulikani nani ananunua. Hakuna aliyebuni mwezi. Tulikuwa tumeigawana taarifa ya habari.

Nilimpa Mwalimu ghorofa moja la vioo, nikampandisha Robert juu yake, nikamwacha huko. Mengine sikuyagusa, naye, kwa haraka ya maandalizi, hakusoma tena.

Siku ya wazazi mgeni rasmi alikuwa wakala wa mnunuzi wa pamba, kwa kuwa ndiye aliyeipa shule mipira. Nilisoma. Kwenye vioo na roboti wazazi walisinzia. Nilipofika mahali ambapo wanawake wa mwezini hubeba gunia zima kwa mkono mmoja, huku wakipiga soga, hadi kwenye mzani wa saa, shangazi yangu Kabula alisimama. Aliniita mayu, yaani mama, kama watu wa kwetu wamwitavyo hata binti mdogo.

"Mayu, hebu ngoja. Gunia ni jepesi mkononi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kwenye mzani je?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Shangazi aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Mgongo unapona, mfuko unakufa!"

"Kumbe karani amekwisha fika na huko!" baba alidakia, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wakala hakucheka. Alimnong'oneza mwalimu mkuu, naye akainuka: "Inatosha. Mpigieni makofi." Wakapiga. Hayo makofi ndiyo yaliyoniudhi kuliko yote, kwani ukurasa wa mwisho ulikuwa bado mkononi mwangu.

Katika ukurasa huo mama anaupita mzani wa saa bila kusimama, anafika kwenye ghala la chama, na mlango uko wazi. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba mzani wa rula, kwa kuwa hulinganisha uzito na uzito, husema kweli hata mwezini. Wa springi ndio unaodanganya. Nilicheka, lakini kwa hasira.

Sasa naandika hadithi za sayansi, na hivi karibuni mhariri wa Dar es Salaam amenirudishia mswada. Anauliza kwa nini Mirihi yangu ina ghala la pamba na wanawake wanaobishania mzani. Anashauri niweke jiji. Waandishi wa kigeni wanaopeleka angani makapteni, bendera na mahakama za kwao haulizwi hata mmoja. Mwacha asili ni mtumwa, tulifundishwa, kisha tukaombwa tuiache. Kijijini ghala limebandikwa matangazo ya simu, mizani ni ya namba zinazowaka, na shangazi Kabula, pamoja na uzee wake, bado husimama ubavuni mwa karani.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, nilimsomea mama ukurasa ule wa mwisho wa insha, nikamsimulia na habari za mhariri. Alisikiliza akiwa amelala kifudifudi, dawa ya kuchua ikinuka mgongoni mwake.

"Mlango ulikuwa wazi kweli?"

"Wazi, mama."

"Na huyo wa Dar anataka uufunge?"

"Anataka niliondoe ghala lote."

"Mwambie aje abebe gunia kwanza."