Kibendera cha Saa Nne

Binti yangu ni muuguzi, na kwa miaka sita amekuwa mwongoza mwendo katika mbio ndefu. Hukimbia na kibendera mgongoni kilichoandikwa muda wa kumaliza, chake saa nne, na wanaomfuata hawana haja ya kutazama saa. Alikuwa hajawahi kuchelewa hata dakika mbili. Marehemu baba yake alifundisha hesabu. Usahihi ndio heshima ya nyumba yetu.

Mwaka huu mbio zilipangwa kuanza alfajiri. Zikaanza saa mbili na nusu, eti mgeni rasmi bado anakunywa chai. Lami ilikuwa imeshaanza kunata viatuni kwa joto.

Mwanangu ana desturi ya kuwasemesha watu wake njiani. Kilomita ya kumi na mbili akawatania, hakuna aliyeweza kumaliza sentensi ya kumjibu. Akapunguza mwendo. Kila meza ya maji aliwatembeza, akawalowesha vichwa na shingo. Walimaliza kwa saa nne na dakika thelathini na nane.

"Kobe huyo!" watazamaji wakapiga kelele. "Kibendera kimeisha betri?"

Nilikuwa jukwaani. Nikatamani ardhi inimeze.

Nyumbani nilimwuliza, "Si ungeshika muda wako tu?"

"Mama, nilianza na watu thelathini na mmoja, nikafika nao wote. Risasi kashika muda wake, kafika na wanne. Saba wake ninao wodini."

Risasi ni mwenzake wa kibendera cha saa tatu na nusu. Yeye alipigiwa makofi.

Jumatano ikaja barua ya kamati ya mbio: atie sahihi kwamba aliugua njiani, la sivyo arudishe kibendera. Mwenyekiti akanipigia mwenyewe.

"Dada, ni karatasi tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu yupi? Huyo wa chai?"

Akakata simu.

Nilikifua kile kibendera, nikakipiga pasi, nikakipeleka ofisini mwenyewe. Karani akanisogezea daftari. Kwenye safu ya sababu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Aliyekibeba hakuugua, wala wafuasi wake."

Risasi ndiye atakayekibeba kwenye mbio za mwezi ujao. Nimeuliza wataanza saa ngapi. Karani akasema itategemea mgeni rasmi.