Jedwali la Ukoo wa Mama

Ofisini wanasema hadi leo kwamba nilichelewesha mradi wa kompyuta. Nilichelewesha kweli, wiki mbili kamili, na ningeurudia uamuzi huo.

Nilikuwa mkuu wa masijala ya ardhi, Morogoro. Mtaalamu wa programu, binti kutoka Kanda ya Ziwa, alitujengea mfumo wa kutunza taarifa za mashamba ya Uluguru. Siku ya majaribio nilimwomba atafute shamba la bibi mmoja wa milimani, ambaye kaka yake, aliyekuwa msimamizi wa shamba hilo, alikuwa amefariki. Skrini ikaonyesha wamiliki wapya: watoto wa marehemu.

"Bibi mwenyewe yuko wapi?"

"Mzee, shamba la baba si ni la watoto?"

"Huko kwenu. Huku shamba ni la ukoo wa mama, na watoto wale ni wa ukoo wa mama yao. Umemnyang'anya bibi shamba kwa kitufe kimoja."

Akashika kichwa. Alinieleza kwamba kiunzi, yaani programu ya msingi aliyojengea mfumo, kilitunza kila fomu peke yake. Hakikuweza kujua kwamba mtu wa fomu hii ni dada wa mtu wa fomu ile. Ilibidi achomeke plagini, kipande cha programu cha kukiunganisha na kanzidata yenye majedwali yanayohusiana.

Mkuu wa ofisi hakutaka kusikia. "Mgeni rasmi wa uzinduzi anakuja Ijumaa. Saini hati ya kupokea mfumo, mzee, tutarekebisha baadaye."

"Nikisaini leo, bibi hana shamba leo."

"Unataka kustaafu vibaya?"

"Nataka kustaafu tu. Sisaini."

Uzinduzi ukaahirishwa, na hafla yangu ya kuagwa ikafutwa. Binti akachomeka plagini na kuunda majedwali matatu: watu, koo, mashamba. Kila mtu akaunganishwa na mama yake, kila shamba na ukoo wake. Nilihakiki safu moja baada ya nyingine kwa majalada ya karatasi, nikibishana na binti hadi chai ikapoa.

Kisha tukamwita bibi. Binti akamwamkia, akaandika jina la shamba. Skrini ikaonyesha ukoo wa bibi, na yeye kama msimamizi.

Bibi aliinama, akaikazia macho skrini.

"Funga. Tafuta tena, mjukuu wangu."

Likatoka jina lilelile.

"Tena."

Likatoka lilelile.

"Haya," akasema, akivuta kiti. "Sasa nichapieni kwenye karatasi."